M3 ya Marekani: matairi mbele, mikanda nyuma

Ndugu, umeuliza kama lile gari la M3, la jeshi la Marekani la kubebea askari, lenye matairi mbele na mikanda nyuma ni kifaru kilichokatwa nusu. Hapana. Ni lori lililovishwa deraya, na asili ya ile mikanda ni Urusi. Mfaransa Adolphe Kégresse alikuwa akitunza magari ya Mfalme Nicholas II, akabuni mkanda wa mpira ili gari lisizame kwenye theluji. Baada ya mapinduzi alirudi kwao, akafanya kazi na kampuni ya magari ya Citroën. Magari yao yalivuka Afrika 1924 hadi 1925, na makundi mawili ya msafara ule yakatokea pwani yetu, Mombasa na Dar es Salaam. Kila nikilikumbuka hilo nafurahi.

Jeshi la Marekani lilinunua ya Citroën mwaka 1931 ili liyachunguze, kisha likaunda ya kwake. M3 ilianza kutoka kiwandani 1941. Matairi ya mbele nayo yalizungushwa na injini, ndiyo maana iliweza matope kuliko lori la kawaida.

Ila ilikuwa na udhaifu uliowagharimu watu: chuma cha ubavuni kilikuwa milimita 6 hivi, na juu wazi kabisa. Bomu likipasuka angani, vipande viliwashukia askari vichwani. Wenyewe waliliita sanduku la Purple Heart, yaani nishani ya waliojeruhiwa vitani. Hata hivyo Israel iliendelea kulitumia kwa miongo kadhaa baada ya 1948.