Bora, Lakini Nje ya Mchujo

Barua nyingi mlizotuletea zinarudia ubishi uleule: katika NFL, ligi ya futiboli ya Marekani, ni timu ipi bora kuliko zote zilizowahi kukosa mechi za mchujo, zile za kutafuta bingwa baada ya msimu wa kawaida? Tumechagua maswali matano. Kwa asiyezoea namna ya kuandika rekodi, 11-5 maana yake kushinda mechi 11 na kupoteza 5. Ikiwepo namba ya tatu, hiyo ni sare.

Ndugu Mhariri, hapa tunavutana. Wengine wanasema Patriots ya 2008, wengine Broncos ya 1985. Ninyi mnasimama wapi?

Hatusimami na upande wowote kati ya hizo mbili. Timu yenyewe ni Baltimore Colts ya 1967.

Colts walimaliza 11-1-2. Kocha alikuwa Don Shula, na kwotabeki, yaani mchezaji anayeongoza mashambulizi na kurusha pasi, alikuwa Johnny Unitas, aliyechaguliwa mchezaji bora wa ligi mwaka huo. Walipata pointi 394 na kuruhusu 198 katika mechi 14. Walicheza mechi 13 bila kupoteza hata moja. Ya 14, tarehe 17 Desemba, walikwenda Los Angeles wakapigwa na Rams 34-10, na msimu wao ukaishia hapohapo.

Wengi wakisikia hivyo hudhani kuna kosa la hesabu. Hakuna. Ligi ilikuwa na timu 16 katika makundi manne ya timu nne nne, na kinara wa kundi peke yake ndiye aliyeendelea. Nafasi ya pili haikuwa na thamani yoyote. Rams nao walimaliza 11-1-2. Miaka ya nyuma timu zikilingana kileleni zilicheza mechi ya ziada kuamua nani apite, lakini kuanzia msimu huohuo wa 1967 uamuzi ukawa unatokana na matokeo ya mechi walizokutana wenyewe. Ya kwanza, Oktoba mjini Baltimore, ilikwisha 24-24. Ya pili ndiyo ile ya 34-10.

Wakati huo sare haikuingia kabisa katika asilimia ya ushindi. Kwa hiyo Colts wanahesabiwa mechi 11 kati ya 12, yaani asilimia 91.7. Vinara wa makundi mengine mwaka ule walikuwa Green Bay kwa 9-4-1, Dallas kwa 9-5 na Cleveland kwa 9-5. Green Bay hao ndio waliowatoa Rams 28-7 kisha wakaenda kutwaa Super Bowl ya pili, yaani mechi ya kuamua bingwa.

Je, Colts walionewa? Kwa maoni yetu, la. Walipewa nafasi mbili za kumshinda mpinzani wao na hawakushinda hata moja. Ila swali ni nani bora aliyebaki nje, si nani aliyedhulumiwa, na hapo hatuoni wa kuwapita.

Kuhusu Broncos ya 1985: walimaliza 11-5, wakapoteza mara mbili kwa Raiders, zote katika muda wa nyongeza, 31-28 na 17-14. Raiders walichukua kundi kwa 12-4. Mwaka huohuo Cleveland waliingia mchujo kwa 8-8 kwa sababu tu kundi lao lilikuwa dhaifu. Inauma, tunakubali. Lakini Broncos walipata pointi 380 na kuruhusu 329, tofauti ya 51 katika mechi 16. Ni timu nzuri iliyoshinda mechi nyingi za kubanana. Haifiki kwa Colts.

Habari za kazi, Mhariri. Mwaka 2008 Patriots, Dolphins na Ravens wote walimaliza 11-5. Patriots waliwapiga Dolphins 48-28 kulekule Miami. Iweje Patriots ndio wabaki nyumbani?

Kwa sababu Dolphins nao walikuwa wamewapiga Patriots 38-13 nyumbani kwa Patriots wenyewe, tarehe 21 Septemba. Hiyo mechi ya marudiano unayoitaja ilisawazisha tu. Tufuate hesabu hatua kwa hatua, maana hapa ndipo wabishi wengi hupotea.

Kosa la kwanza ni kuzilinganisha timu tatu kwa pamoja. Kanuni inataka kinara wa kundi apatikane kwanza. Ligi imegawanywa katika konferensi mbili, AFC na NFC, na kila moja ina makundi yake. Patriots na Dolphins wako kundi moja, Mashariki ya AFC. Ravens hawahusiki bado.

Mechi zao wenyewe: 1-1. Hakuna mshindi.

Rekodi ndani ya kundi: kila mmoja alishinda mara mbili dhidi ya Bills na akagawana na Jets. Ongeza ile 1-1, wote 4-2. Bado.

Wapinzani wa pamoja: Jets na Bills mara mbili mbili, timu nne za Magharibi ya AFC na nne za Magharibi ya NFC. Jumla mechi 12. Patriots walipoteza kwa Jets na Chargers, Dolphins wakapoteza kwa Jets na Cardinals. Wote 10-2. Bado!

Rekodi ndani ya konferensi: hapa ndipo mlango ulipofungwa. Patriots walizishinda timu zote nne za NFC walizokutana nazo, kwa hiyo vipigo vyao vyote vitano vilitoka AFC: Dolphins, Chargers, Colts, Jets na Steelers. Rekodi yao ya konferensi ikawa 7-5. Dolphins walikuwa na vipigo vitano vilevile, ila kimoja kilitoka kwa Cardinals wa NFC, 31-10. Kikatolewa kwenye hesabu, wakabaki 8-4. Kundi likawa lao.

Zikabaki nafasi mbili za ziada, zile za timu bora zisizoongoza kundi. Moja ilichukuliwa na Indianapolis Colts kwa 12-4. Ya pili ikawa kati ya Patriots na Ravens. Hawa hawakukutana msimu ule, hivyo hesabu ikaenda moja kwa moja kwenye konferensi: Ravens 8-4, Patriots 7-5. Kwisha.

Angalia jinsi inavyochoma: Cardinals waliowapiga Dolphins walichapwa na Patriots 47-7 kwenye theluji, Desemba 21. Cardinals hao walikuwa na 9-7, waliongoza kundi lao, na walifika Super Bowl. Na ndani ya AFC yenyewe, Chargers waliingia kwa 8-8.

Mkitaka mechi moja iliyowagharimu, tazameni ile ya Novemba 13 dhidi ya Jets. Tom Brady alikuwa ameumia goti katika robo ya kwanza ya mechi ya kwanza ya msimu, na aliyekuwa akicheza ni Matt Cassel, ambaye hakuwa ameanza mechi kama kwotabeki tangu shule ya sekondari. Ikiwa imebaki sekunde 1, Cassel alimfikishia Randy Moss mpira pembeni mwa eneo la mwisho, pale pa kufungia pointi, ikawa 31-31. Jets wakapata mpira wa kwanza wa muda wa nyongeza, wakasogea mpaka Jay Feely akapiga teke la yadi 34. Kwa kanuni ya wakati ule, pointi za kwanza zilimaliza mechi hata kama upande mwingine haujagusa mpira. Ikawa 34-31. Ushindi pale ungewapa 12-4 na kundi lingekuwa lao.

Mhariri, tunalinganishaje timu ya mechi 14 na ya mechi 16 au 17? Huku tunahesabu ushindi tu, naona kama si sawa.

Unaona sawasawa. Anza na asilimia. Rekodi ya 10-4 ni asilimia 71.4, na 11-5 ni 68.8. Kwa hiyo Houston Oilers ya 1975, iliyokosa mchujo kwa 10-4, iko juu ya Patriots ya 2008 kwa kipimo hiki, ingawa namba ya ushindi ni ndogo.

Kisha chukua tofauti ya pointi, ugawe kwa idadi ya mechi. Colts ya 1967: 196 kwa mechi 14, ni 14.0. Green Bay ya 1963: 369 kutoa 206, ni 163, ukigawa ni 11.6. San Francisco 49ers ya 1991: 393 kutoa 239, ni 154 kwa mechi 16, ni 9.6. Patriots ya 2008: 410 kutoa 309, ni 101, ni 6.3. Broncos ya 1985: 3.2. Kipimo hiki ndicho tunachokiamini zaidi, kwa sababu mechi ya pointi tatu inaweza kuamuliwa na teke moja, lakini wastani wa msimu mzima haudanganyi kirahisi. Tahadhari moja tu: ushindi wa 47-7 peke yake unaweza kuuvuta wastani juu, kwa hiyo utoe ule mkubwa kuliko wote uone kinachobaki. Patriots ukiwatolea ile ya Cardinals wanashuka hadi 4.1.

Baada ya hapo uliza nani aliwashinda. Oilers ya 1975 walipoteza mechi nne, zote kwa Pittsburgh na Cincinnati, mara mbili kila mmoja. Pittsburgh walimaliza 12-2 na Cincinnati 11-3, wote katika kundi lao, na AFC ilikuwa na nafasi moja tu ya ziada. Green Bay ya Vince Lombardi mwaka 1963 walimaliza 11-2-1, na vipigo vyote viwili vilitoka kwa Chicago Bears, 10-3 na 26-7. Bears walimaliza 11-1-2. Timu ya namna hii haikuwa na udhaifu. Ilikuwa na jirani mbaya.

Ndugu zangu, kwa nini hamwitaji Eagles ya 1991? Ile safu ya ulinzi ilikuwa moto.

Safu ile inastahili sifa zote. Reggie White, Jerome Brown, Clyde Simmons, Seth Joyner, Eric Allen: waliongoza ligi kwa kuruhusu yadi chache zaidi za kukimbia, za pasi na za jumla, jambo ambalo halikuwa limefanyika tangu Vikings ya 1975. Lakini Randall Cunningham aliumia goti katika mechi ya kwanza, na Eagles wakaishia kutumia makwotabeki watano. Walimaliza 10-6.

Ila mwaka huohuo kulikuwa na timu bora zaidi iliyobaki nje, na hapa tunajua tutapingwa: 49ers. Joe Montana hakucheza msimu mzima kwa sababu ya kiwiko. Atlanta waliwashinda mara mbili, 39-34 na 17-14. Hiyo ya pili, Novemba 3, Steve Young aliumia goti, na mwishoni kabisa Billy Joe Tolliver akarusha mpira wa yadi 44 kwenye msongamano, Michael Haynes akaudaka. Atlanta na 49ers walimaliza wote 10-6, na mechi hizo mbili, zenye tofauti ya pointi nane kwa jumla, zikawapa Atlanta nafasi. 49ers walishinda mechi sita za mwisho mfululizo, Steve Bono akiongoza sehemu kubwa ya safari hiyo. Ya mwisho kabisa waliwachapa Bears 52-14. Bears walikuwa 11-5 na walikwenda mchujo.

Tukiambiwa tuchague timu moja ya kucheza mchujo wa Januari kati ya hizo zilizokosa tangu mechi 16 zianze mwaka 1978, tunachukua 49ers hawa kabla ya Patriots ya 2008.

Mhariri, tangu waongeze nafasi ya saba ya mchujo, ubishi huu si umekwisha?

Umepungua. Nafasi ya saba kwa kila konferensi ilianza 2020. Ingekuwepo 2008, Patriots wangeingia bila shida, kwani aliyewafuata katika AFC alikuwa Jets kwa 9-7. Mwaka 2010 New York Giants na Tampa Bay walibaki nje kwa 10-6, huku Seattle wakiingia kwa 7-9 kama vinara wa kundi. Green Bay, nao 10-6, waliwapita hao wawili kwa kigezo cha uzito wa timu walizozishinda, kisha wakatwaa Super Bowl. Nafasi ya saba ingemwokoa mmoja tu.

Na mwaka uleule wa kwanza wa nafasi hiyo, Miami Dolphins walimaliza 10-6 na wakaachwa, kwa kuwa timu zote saba za AFC zilikuwa na ushindi 11 au zaidi. Walihitaji mechi moja tu. Wakaenda Buffalo siku ya mwisho wakapigwa 56-26.