Besiboli Septemba: unajuaje timu ya ubingwa kweli na timu inayosindikiza wenzake?

Mkuu nimeona swali lako, kwamba ndo umehamia huku Marekani, kazini wenzako wanabishana besiboli kutwa nzima, umefungua msimamo umekuta timu saba nane zimepishana mechi moja mbili na kila mtu anaapa yake ndo inachukua. Unauliza ipi ya kweli ipi inasindikiza, na kama ile safu ya mechi 10 za mwisho inasaidia chochote kwenye mkeka. Mi niko Kent, kusini ya Seattle hapa, kazi za maghala, na huu mchezo niliingizwa na mzee mmoja wa shifti ya usiku aliyekuwa anafungulia redio kila mechi ya Mariners, timu ya Seattle, tukataka tusitake. Kwaio nakujibu kama shabiki, na mifano mingi itakuwa ya Mariners maana hao ndo wamenizeesha.

Kwanza toa kichwani hesabu za ligi ya nyumbani. Kule Simba na Yanga wakimaliza mechi zao 30 anaeongoza ndo bingwa, stori imeisha. Huku wanacheza mechi 162, karibu kila siku kuanzia mwisho wa Machi, afu zote hizo ni za kutafuta nafasi ya kuingia mchujo tu! Timu ziko 30, ligi mbili, na tangu 2022 zinaingia 12, sita kila ligi. Mbili za juu kila upande zinaruka raundi ya kwanza, zilizobaki zinacheza anaewahi kushinda mbili, raundi inayofuata anaewahi tatu, baada ya hapo ni anaewahi nne mpaka fainali. Kwaio pale kazini kwenu kuna mabishano mawili yamechanganywa, moja ni kama timu itaingia, lingine ni kama ikiingia ina kitu cha kufanya, na majibu yake mara nyingi hayafanani.

We angalia 2022, Dodgers walishinda mechi 111, wakatolewa na Padres waliokuwa na 89. Mwaka uliofuata ndo ilikuwa vituko, Braves 104, Orioles 101, Dodgers 100, wote watatu wameruka raundi ya kwanza wamepumzika vizuri, na wote watatu kwa pamoja wakaambulia ushindi mmoja tu, wa Braves, wakarudi nyumbani. Aliyefika fainali upande wa Braves na Dodgers ni Arizona Diamondbacks mwenye ushindi 84. Cardinals 2006 walichukua ubingwa kabisa na ushindi 83. Sasa mtu akikwambia timu yangu inaongoza kwa mechi sita kwahiyo ndo mabingwa, msikilize kwa adabu uendelee na kazi yako.

Mi Septemba nina swali moja naanza nalo: auti 27 zinatoka mikononi mwa nani? Mechi ina ining'i tisa na kila ining'i unatakiwa utoe wapigaji watatu wa mwenzako, hizo ndo auti 27, na anaezitafuta ni pitcha, yule mrushaji. Sasa kwenye msimu, kwa vile wanacheza kila siku, timu inazungusha mapitcha watano wa kuanza, na namba nne na tano wanaweza kuwa wa kawaida kabisa na timu bado ikashinda mechi 95. Mchujo una siku za kupumzika na za kusafiri kwaio unahitaji watatu, wakizidi wanne. Timu yenye watano wa wastani na timu yenye wawili hatari na mmoja wa kuaminika zinaweza kulingana kabisa kwenye msimamo ila Oktoba haziko sawa hata kidogo.

Nationals 2019 ndo mfano ninaoupenda kuliko yote. Walianza msimu wameshinda 19 wamepoteza 31, watu wanataka kocha afukuzwe, na bulpeni yao, yaani wale mapitcha wa akiba wanaoingia baadae, ilikuwa kati ya mbovu kabisa. Lakini walikuwa na Scherzer, Strasburg na Corbin. Ilipofika Oktoba kocha akawaacha benchi wale wanaomuangusha, akawa anawaingiza hao hao wa kuanza katikati ya mechi, na wakambeba. Fainali wakamtoa Astros wa ushindi 107, na mechi zote nne walizoshinda walishindia Houston, ugenini.

Afu njoo Dodgers 2025. Tarehe 6 Septemba wako Baltimore, Yamamoto amerusha mpaka auti ya pili ya ining'i ya tisa hajapigwa hata hiti moja, yaani hakuna aliyeupiga mpira akafika besi, vile vituo vya kukimbilia, imebaki auti moja tu aandike historia, Holliday, mpigaji wa Baltimore, akampiga homurani, mpira ukavuka ukuta. Sawa, hiyo ni bahati mbaya, bado walikuwa wanaongoza 3-1, wakamtoa Yamamoto wakaingia wa bulpeni na mechi ikageuka palepale wakapigwa 4-3 bila kupata auti hata moja. Kesho yake kila mtu anasema hawa wamekwisha. Mi niliiona ile mechi kwa jicho lingine, maana mtu aliyetafuta auti 26 peke yake ndo huyohuyo atakaerusha Oktoba, na nyuma yake kuna Snell, Glasnow na Ohtani, na yule Sasaki aliyekuwa majeruhi akarudi mwishoni mwa Septemba wakamfanya wa kumalizia. Tatizo la bulpeni halikuisha, lilifunikwa tu. Fainali na Toronto ikaenda mechi saba, Yamamoto akashinda mechi ya sita, kesho yake akaingia tena kwenye ya saba bila kupumzika, wakachukua 5-4 ining'i ya 11, za nyongeza hizo.

Sio lazima iwe hivo lakini. Hao hao Dodgers 2024 walikuwa wamebaki na mapitcha watatu tu wa kuanza, na kuna mechi nzima walikuwa wanaigawa kwa watu wa bulpeni, huyu auti nne huyu auti tatu, wakachukua ubingwa vilevile. Tigers mwaka ule pitcha wa kuanza wa kutegemea walikuwa na Skubal peke yake, siku zilizobaki ni kuchanganya watu, na wakawatoa Astros mbili bila Houston kwao. Ninachotaka kusema, timu iwe inajua auti zake zinatoka wapi, upande mmoja au mwingine. Timu inayobahatisha pande zote mbili inasindikiza, hata kama ina ushindi 92.

Na hili ukienda uwanjani unaliona kwa macho. Mimi hukaa viti vya bei rahisi kule T-Mobile Park, uwanja wa Mariners, unasikia honi za treni zinapita nje, na kuanzia ining'i ya sita nakuwa siangalii sana mpira, naangalia bulpeni kule nyuma ya ukuta wa kushoto, nani kasimama kuanza kupasha. Timu inaongoza kwa mkimbio mmoja, yaani goli moja la huku, wapigaji hatari wa mpinzani ndo wanakuja, kama anaesimama ni yuleyule aliyerusha jana na juzi ujue kocha hana mwingine anaemuamini. Septemba ukiona hivo siku mbili tatu mfululizo, andika pembeni, Oktoba huyo mtu mkono utakuwa umechoka na mpinzani ameshamzoea.

Kitu cha pili ni tofauti ya mikimbio, mikimbio ndo magoli yao, kwaio ni kama unavyoangalia tofauti ya magoli ila huku ina uzito zaidi kwa sababu mechi ni nyingi. Mariners 2021 walishinda mechi 90, Seattle nzima imewehuka, ila ukijumlisha walikuwa wamefungwa mikimbio 51 zaidi ya waliyofunga! Walikuwa wanashinda kwa mkimbio mmoja, mechi za hivo walishinda 33 wakapoteza 19, na wakichapwa wanachapwa vibaya. Wakakosa nafasi siku ya mwisho kabisa. Orioles 2012 walikuwa 29 kwa 9 kwenye mechi za mkimbio mmoja, wakamaliza na ushindi 93 huku tofauti yao msimu mzima ni mikimbio saba tu, waliingia ila hawakufika mbali. Kushinda kwa mkimbio mmoja mmoja watu wanaita roho ngumu, mi naona bahati imo ndani kwa sehemu kubwa, labda uwe na bulpeni ya moto kweli. Ila usiniletee hii namba kama msahafu, Mariners haohao 2001 walishinda 116, walikuwa juu kwa mikimbio 300, na Yankees wakawatoa nne kwa moja.

Usajili na majeruhi hapo sitakaa sana, ila usisahau kwamba msimamo unabeba ushindi wa Aprili ulioletwa na mtu ambae saa hizi yuko kwenye magongo. Dirisha linafungwa mwisho wa Julai au mwanzo kabisa wa Agosti, kwaio timu ya Septemba inaweza kuwa timu nyingine kabisa. Braves 2021 walimpoteza nyota wao Acuña Julai, goti, watu wakasema basi, uongozi ukaokota Pederson, Soler, Rosario na Duvall, timu ikaingia na ushindi 88 tu ikachukua. Rosario akawa mchezaji bora wa nusu fainali, Soler wa fainali. Kwaio mi huwa sisomi timu imeshinda ngapi tangu mwanzo, naangalia imefanyaje tangu Agosti, na hiki kikosi hiki.

Ila hapo kuna mtego wa ratiba. Septemba timu zilizokata tamaa zinapandisha vijana kuwaangalia, nyota washauzwa Julai, kwaio mtu anaweza kushinda nane kati ya kumi na hajakutana na timu yoyote ya maana. Kuwapiga White Sox wa 2024 waliopoteza mechi 121 sio habari ya kunipigia simu.

Na hii inanileta kwenye ile safu yako ya mechi 10. Kwa swali la kuingia, inasaidia kidogo, maana msimu umeisha na kila mechi ni ya kukaba koo. Mets 2025 katikati ya Juni walikuwa wanaongoza besiboli nzima, wakaporomoka taratibu miezi mitatu mpaka siku ya mwisho wakamaliza sawa na Reds 83 kwa 79 na Reds wakapita kwa sababu walikuwa wamewazidi walipokutana. Tigers mwaka huohuo Julai walikuwa wamewaacha Guardians kwa mechi 15 na nusu, na Guardians ndo wakamaliza juu. Ila sasa angalia kilichofuata, Tigers wale waliokuwa wameanguka kifudifudi walikutana na Guardians wale wa moto raundi ya kwanza, na Tigers wakapita.

Ndo maana kwa swali la pili, la ubingwa, mi hiyo safu siitazami kabisa. Diamondbacks 2023 mechi zao tatu za mwisho zote walipigwa na Astros, wakafika fainali. Waliowafunga hiyo fainali ni Texas Rangers, na Rangers siku ya mwisho walikuja hapa Seattle wakapigwa 1-0 wakapoteza uongozi wa divisheni yao, yaani kundi lao dogo ndani ya ligi, bulpeni ilikuwa inavuja msimu mzima, kila mtu anawacheka. Ila mapitcha wa kuanza walikuwa na Eovaldi katoka majeruhi na Montgomery waliemsajili Julai. Wakacheza ugenini mechi 11 kwenye mchujo, wakashinda zote 11.

Rekodi ya kukutana nayo iache. Brewers 2025 ndo walikuwa na ushindi mwingi kuliko wote, 97, na msimu waliwapiga Dodgers mechi zote sita. Walipokutana nusu fainali wakapigwa nne bila, na kila mechi Brewers walipata mkimbio mmoja tu. Ile timu ilikuwa tamu kuangalia, wanakimbia, wanaiba besi, wanapiga vidogo vidogo wanavunga mpaka wanafunga, lakini ukikutana na pitcha wa moto kila siku huwezi kupata hiti tatu mfululizo, unahitaji mtu wa kupiga mmoja tu ukavuka ukuta. Timu isiyo na homurani mi Septemba naikata nusu maksi.

Kwenye mkeka sasa. Ya bingwa usiweke pesa ya kodi mkuu, nimeshakuonyesha wenye ushindi 100 wanavyoangukia pua. Mariners 2025 walikuwa na karibu kila kitu nilichotaja, mapitcha, Raleigh na homurani zake 60, Naylor na Suárez waliletwa Julai, Septemba wakashinda 17 kati ya 18. Wakafika mechi ya saba kule Toronto, wanaongoza 3-1 ining'i ya saba, wamebakiza auti nane waende fainali ambayo hii timu haijawahi kufika tangu izaliwe. Wapinzani wako besi ya pili na ya tatu, Springer anakuja kupiga, Muñoz ambae ndo pitcha wao wa kumalizia bado yuko bulpeni, aliyeitwa ni Bazardo. Homurani, 4-3, ikaisha hivohivo. Yule mzee wa redio hakuongea shifti nzima.

We nitajie timu unayoifikiria, mapitcha wake watatu wa kuanza, na nani anaingia ining'i ya saba wakiwa wanaongoza kwa mmoja, nitakwambia naionaje.