Gitaa la marehemu baba: usikubali skrubu, usikubali msasa

Mkuu, umesema gitaa la Gibson J-45 alilokuachia baba yako limedondoka, kichwa kimepasuka pale kinapoungana na shingo, daraja nalo, kile kibao cha mbele kinachoshika nyuzi, limeanza kubanduka. Fundi wa samani anataka kutia skrubu mbili, apige msasa gitaa zima na kupaka vanishi mpya. Nakuomba, kalichukue leo leo.

Gitaa la mjomba wangu, ambalo sasa ni langu, lilivunjika hapo hapo. Kichwa cha Gibson kimelala nyuma, nyingi ni digrii 17, shingo ni ya mahogani ya kipande kimoja, na chini ya kichwa mbao imechimbwa kupisha fito ya chuma inayonyoosha shingo. Likianguka chali, pigo lote linaishia hapo.

Kwanza legeza nyuzi. Nyuzi sita za chuma huvuta jumla ya kilo sabini hivi, na ukiziacha zimekaza ufa unazidi kuachama.

Fundi wangu wa kwanza alijaza gundi ya epoksi. Ilishika, masika yalipoingia ikaachia, na ikaniachia kazi: ilikuwa imezama kwenye vinyweleo vya mbao, gundi nyingine haipati pa kushika. Wiki mbili nilikaa barazani Kinondoni nikiikwangua kwa ncha ya wembe, nikichelea kung'oa hata kijiti kimoja cha mbao, maana vile vijiti vikipotea ufa haufungi tena sawasawa. Supa gluu ni balaa lile lile.

Safari ya pili tulitumia gundi ya ngozi, ile inayotengenezwa kwa ngozi za wanyama. Unaziloweka chembechembe zake kwenye maji baridi mpaka zivimbe, halafu unaweka kopo lake ndani ya maji ya moto, nyuzijoto 60 hivi, isichemke. Inaganda upesi mno, kwa hiyo fanya jaribio kavu kwanza: funga jiriwa (vibanio) zako bila gundi, uone ufa unafumba vizuri, ndipo upashe mbao kwa draya ya nywele na kupaka. Usiguse hadi kesho yake. Uzuri wake, mtu wa miaka thelathini ijayo ataweza kuifungua kwa joto na unyevu bila kuumiza mbao.

Daraja linabanduliwa kwa joto na kisu chembamba, polepole. Lisigundishwe juu ya vanishi. Lazima mbao ikutane na mbao. Kabla ya hapo, ingiza kioo kidogo na tochi ya simu tunduni ukague mihimili ya ndani, maana mara nyingi mhimili ulioachia ndio unaofurisha kifua, yaani ubao wa mbele, na kulisukuma daraja.

Vanishi ya zamani iache. Ukiikwangua, thamani imeondoka nayo. Langu nyuma ya shingo limelika umbo la gumba la mjomba, na ufa unaonekana kama unywele. Sijaufunika.

Jambo la mwisho ni hali ya hewa yetu. Gitaa hupenda unyevu wa asilimia 45 hadi 55, na Dar unapita hapo karibu mwaka mzima. Liweke ndani ya boksi lake pamoja na vifuko vya silika vinavyofyonza unyevu, mbali na dirisha, na usiliache kamwe kwenye gari lililoegeshwa juani, kwa sababu joto lile lile linalotusaidia kufungua gundi ya ngozi litaifungua na wewe hutaki.

Kabla hujagusa chochote, piga ufa picha pande zote, tuone kama umefuata mkondo wa mbao au umeukata.