Matuta tumechimba, tutajuaje kama yanasaidia?

SWALI: Shikamoo mhariri. Mradi umetuchimbisha matuta ya kuzuia mmomonyoko msimu wa tatu huu, wanakuja wanapima mita wanapiga picha wanaondoka. Sasa udongo umepona kweli au ni ripoti tu? Msomaji, Dodoma.

JIBU: Marahaba. Mita zinaonyesha jasho lenu tu, haziwezi kusema kama udongo umebaki. Mvua kubwa ikinyesha chukua chupa mbili, kinga maji yanayotoka kwenye shamba lako na ya jirani asiye na matuta ila mteremko mmoja, ziache zitulie hadi kesho yake uangalie tope la chini, maana bila huyo jirani huwezi kujua ni matuta yamefanya kazi au mvua ilikuwa kidogo. Halafu angalia mbali zaidi. Hapo Kondoa mradi wa HADO (Hifadhi Ardhi Dodoma) ulianza 1973, na 1979 mifugo ikaondolewa, nyasi na miti ikarudi vizuri sana, lakini ng'ombe wale hawakuyeyuka jamani, walihamia kwingine wakala majani ya huko na wafugaji wakaumia, kwa hiyo ukipima Kondoa peke yake umepima nusu. Waulize hao wa mradi: kabla ya jembe la kwanza mlipima nini?