Begi la Baba Yako Mdogo

Mwanangu,

Swali lako sijalisahau. Tulikuwa tumetoka kuzika, watu wamepungua, tumebaki mimi na wewe chumbani kwa baba yako mdogo tukikusanya vitu vyake. Kazi haikuchukua muda. Nguo, jozi mbili za viatu, miwani, Biblia. Vyote viliingia kwenye begi moja na zipu ikajifunga bila kulazimishwa. Ukalinyanyua kwa mkono mmoja, ukaniuliza, "Baba, huyu amemtumikia Mungu maisha yake yote. Huo utajiri wa rohoni mnaouhubiri uko wapi? Au ni maneno ya kuwafariji waliokosa?"

Nilijifanya natafuta ufunguo. Jibu ninalo, ila ndani yake kuna jambo langu ambalo sijawahi kulisema mbele yenu watoto, na nimeona heri niliandike kuliko kulimeza tena.

Kwanza hilo la kufariji. Una haki ya kulitilia shaka. Nimewasikia walioshiba wakimsimulia mwenye njaa habari za hazina ya mbinguni, na Yakobo anawasuta watu wa namna hiyo: unamwambia ndugu asiye na nguo wala riziki aende kwa amani, akaote moto na kushiba, halafu humpi kitu, yafaa nini? Umaskini si utakatifu. Aguri, katika Mithali 30, aliomba asipewe umaskini wala utajiri, akataja na sababu: akishiba atamkana Mungu, akiwa fukara ataiba. Na utajiri huu tunaouzungumzia haukuwekewa waliokosa peke yao. Ibrahimu alikuwa na mifugo, fedha na dhahabu. Yusufu wa Arimathaya alikuwa tajiri, na kaburi alimolazwa Bwana lilikuwa lake. Zakayo alitoa nusu ya mali yake, akaahidi kumrudishia mara nne kila aliyemdhulumu, na hakuna aliyemwambia nusu iliyobaki ni najisi.

Watu wanaukata mstari wa Paulo kwa Timotheo. Hakusema fedha ni shina la mabaya, alisema kupenda fedha. Na kuipenda, mwanangu, si lazima uwe nayo. Maskini anaweza kulala nayo moyoni usiku kucha. Naumia sana pia ninapowasikia wanaowaambia watu watoe sadaka ili Mungu awarudishie mara mia, kana kwamba Baba yetu ni mtu wa riba. Kupenda fedha kunakotamkwa kwa maneno ya maombi bado ni kupenda fedha.

Sasa jambo langu.

Ulipokuwa mdogo nilikuwa na daftari. Dogo, la jalada gumu, la kutosha mfuko wa shati, na kalamu ya risasi nimeichomeka kwenye uti wake. Baba yako mdogo aliuguliwa nyumbani kwake, akaja kwangu akakopa. Nilimpa, sikumnyima. Lakini alipotoka nilimwandika: jina lake kamili, kiasi, tarehe, kama mtu baki. Tumenyonya ziwa moja na nilimwandika kama mtu baki.

Akawa analipa kidogo kidogo. Kila alipoleta nilitoa daftari mbele yake, nikapiga mstari, nikamsomea kilichobaki. Miezi mingine alikuja mikono mitupu, akakaa tu, akatusalimu, akaondoka mapema. Baadaye akaacha kuja. Tulikuwa tukikutana kanisani. Yeye huimba akiwa amefumba macho, unakumbuka, na mimi nimekaa nyuma yake namtazama shingoni nikisema moyoni, huyu anaimba na deni langu. Mimi ndiye niliyekuwa nacho, na mimi ndiye niliyekuwa sipati usingizi.

Kisha akaugua mwenyewe. Ule ugonjwa wa kwanza, ambao alipona. Nilikwenda kumwona hospitalini, na daftari liko mfukoni kwa sababu sikuwa naliacha nyumbani. Niliposimama kando ya kitanda aliniona, akageuza uso akautazama ukuta. Nikadhani ni maumivu. Akasema, bila kugeuka, "Kaka, lile deni, nikitoka nitajitahidi." Nilikuwa nimemletea pole. Hakuiona. Alimwona mdai.

Nilikaa kwenye ukingo wa kile kitanda na maneno niliyoyasikia tangu utotoni yakaja yenyewe: hazina yako ilipo, ndipo utakapokuwapo na moyo wako. Ilikuwepo pale, nikiigusa kwa vidole juu ya shati. Nilichana ule ukurasa. Mikono ilikuwa ikitetemeka, ukachanika vibaya, kona moja ikabaki kwenye uzi. Nikampa. Aliushika kifuani muda mrefu, ndipo akageuka.

Nilipofika nyumbani nilifungua Luka 12, ule mfano wa tajiri mpumbavu. Huwa tunauanza katikati, kwenye shamba lililozaa sana. Anzia nyuma kidogo. Kuna mtu katika mkutano anamwomba Yesu, "Mwalimu, mwambie ndugu yangu anigawie urithi wetu." Ndugu wawili na mali. Wala hatuambiwi kwamba alikuwa anadanganya, pengine alidhulumiwa kweli. Lakini Yesu anakataa kuwa mgawanyi wao, anageuka na kusema jilindeni na choyo, uzima wa mtu haumo katika wingi wa vitu vyake alivyo navyo. Kwa hiyo mtu anaweza kuwa na haki yake mkononi na choyo moyoni kwa wakati mmoja! Mimi nilikuwa na haki. Deni lilikuwa la kweli, hesabu zangu hazikuwa na kosa hata moja.

Na yule tajiri wa kwenye mfano hakuiba. Ardhi ilizaa tu. Sikiliza anavyoongea: mavuno yangu, ghala zangu, vitu vyangu, nafsi yangu. Hana mtu wa kuzungumza naye isipokuwa yeye mwenyewe. Mungu anapomwambia usiku huu wa leo wanataka roho yako, swali linalofuata ni moja: hivyo vitu vitakuwa vya nani?

Umeuliza utajiri wa baba yako mdogo uko wapi. Nikujibu kwa nilichokiona. Nilipomaliza kujenga nyumba hii, alikuja kuiona. Bado alikuwa amepanga chumba, hicho hicho ulichokiona. Alizunguka kila chumba akipapasa kuta kwa kiganja, anacheka peke yake, amefurahi kuliko mimi mwenye nyumba. Nilimchungulia usoni nikitafuta hata chembe ya kijicho. Haikuwepo. Mimi mwenzangu kazini alipojenga nilizunguka njia nyingine nisipite mbele ya geti lake. Furaha ya mtu mwingine ilimwingia ndugu yangu kama yake, kwa hiyo alikuwa nayo nyingi. Paulo anasema alijifunza kuwa radhi na hali yoyote, na nashikilia hilo neno "nimejifunza", kwa maana halikumjia bure, na hakulijifunza shuleni, wakati anaandika alikuwa kifungoni.

Katika Ufunuo, Bwana anayapima makanisa ya miji ya Smirna na Laodikia. Laodikia ulikuwa mji wa fedha. Tetemeko liliuangusha mwaka 60 hivi na ukajijenga upya kwa mali yake, bila msaada wa Rumi. Kanisa la hapo likasema, mimi ni tajiri, wala sina haja ya kitu, likajibiwa kuwa ni maskini, kipofu, na uchi. Smirna likaambiwa, naijua dhiki yako na umaskini wako, lakini u tajiri. Kwa hiyo kuna macho yanayoona begi moja na kusema u tajiri. Hayo si macho yangu, wala sikuyapata mapema.

Wewe kazi yako fanya, panda cheo ukipewa, uweke akiba, usimtegemee mtu. Sikutakii ufukara. Nakuomba ujichunguze siku ndugu yako atakapokuja kukopa, na siku mwenzako atakapokuzidi.

Baba yako mdogo aliishi miaka mingi baada ya kitanda kile, na alikuja kwetu karibu kila juma, mlikua mkimwona. Sasa mnajua alikuwa ameacha kuja kwa nini, na alirudi kwa nini. Ule ukurasa nilidhani aliuchoma. Juzi nimefungua begi nitoe Biblia yake nisome. Umo ndani, kwenye Luka 12, umekunjwa mara nne, mwandiko wangu wa kalamu ya risasi umefifia, kona moja haipo. Nimeuacha palepale. Ukija, ufungue mwenyewe.

Baba yako