Mwanangu, hofu ya feri na washauri wako wawili

Mwanangu kipenzi,

Salaam aleikum. Barua yako nimeipata. Unasema tangu siku ile moyo ulipokuenda mbio ndani ya feri, mikono ikafa ganzi, ukadhani unakata roho, hujavuka Likoni tena. Sasa unazunguka kwa barabara ya Dongo Kundu kila siku. Umeonana na washauri wawili: mmoja anataka mzungumze utoto wako na kifo cha baba yako, wa pili amekupa daftari na kazi ya nyumbani. Unaniuliza, "Mama, nimwamini yupi?"

Katika kazi yangu ya uuguzi nimeona watu wakipona kwa njia zote mbili. Yule wa kwanza anafuata njia iliyoanzia kwa Sigmund Freud kule Vienna, mwishoni mwa karne ya 19: anatafuta hofu imetoka wapi. Wa pili anatafuta ni nini kinachoiweka hai leo. Huyu ni wa ukoo wa Aaron Beck, daktari wa akili wa Philadelphia, ambaye mwenyewe alifunzwa njia ya Freud. Alichunguza ndoto za wagonjwa wa sonona, ile huzuni nzito isiyoondoka, akitaka kuithibitisha njia hiyo, akakuta jambo jingine: mawazo ya kujidharau na kukata tamaa yanayowapitia kichwani bila wao kuyahoji. Miaka ya 1960 akaanza kuwafundisha kuyakamata na kuyapima. Daftari lako limetoka huko.

Kwa hofu ya feri, mwanangu, anza na huyu wa daftari. Kila unapokata njia kuelekea Dongo Kundu unapata nafuu papo hapo, na nafuu hiyo ndiyo inayoufundisha mwili wako kwamba umeponea chupuchupu. Hofu haipati nafasi ya kujua imekosea. Dawa yake ni kuisogelea kidogo kidogo, kama alivyoeleza Joseph Wolpe, daktari wa Afrika Kusini, katika kitabu chake cha mwaka 1958. Siku za mwanzo usipande. Simama tu pale abiria wanapoteremkia, usikie honi, uone mikokoteni ikishuka kwa kasi na watu wakisukumana. Tumbo litakaza, jasho litakutoka. Usiondoke hofu ikiwa juu. Ngoja ishuke yenyewe, na itashuka, kwa sababu mwili hauwezi kukaa kwenye kilele kile muda mrefu. Ukizoea, vuka na dadako. Kisha peke yako. Kisha jioni, watu wakitoka kazini.

Hata Freud mwenyewe, alipohutubia Budapest mwaka 1918, alisema wenye hofu za namna hii hawaponi kwa mazungumzo pekee. Ni lazima wahimizwe kutoka nje na kupambana nayo.

Baba yako ni jambo jingine. Huzuni ile hujailia, nami naijua. Hiyo mpelekee mshauri wa kwanza, bila haraka. Ipo pia njia inayoshughulikia misiba, ugomvi na mabadiliko ya maisha moja kwa moja. Matokeo ya kuijaribu katika vijiji vya Masaka na Rakai, Uganda, yalichapishwa mwaka 2003: watu walikaa vikundi kila wiki kwa wiki 16, wakiongozwa na wenyeji waliofunzwa, wengi wakapata nafuu kubwa ya sonona.

Kisomo cha shehe endelea nacho, kinakutuliza. Ila mtu yeyote akikwambia uache kuonana na mshauri, usimsikilize. Na kabla ya yote kapime damu, tezi ya shingo na moyo, maana maradhi ya tezi nayo hupeleka moyo mbio.

Usidharau unavyojisikia ukiwa na mshauri. Carl Rogers, Mmarekani, alishikilia kwamba mtu hubadilika anapoeleweka kwa dhati bila kuhukumiwa, na tafiti za njia mbalimbali zimeonyesha mara nyingi kwamba maelewano hayo yana uzito wake. Ukitoka chumbani ukijihisi mdogo kila mara, tafuta mwingine, hata awe na vyeti ukuta mzima.

Ukionana na huyo wa daftari wiki hii, muulize: tunalenga nini, tutajuaje kwamba nasonga mbele, na lini tutakaa tuangalie kama njia hii inanifaa? Asipokuwa na jibu, nipigie simu siku hiyo hiyo.

Mamako