Simu kwenye usukani wa baiskeli: nilivyojifunza upya kurusha mpira wa kriketi

Vigingi viwili vya nyuma ya mpigaji vilikuwa chini na cha tatu kimebiringika hadi miguuni kwa mlinda wiketi, yule anayedaka nyuma ya vigingi. Nilishaanza kukimbia mikono juu, wenzangu nyuma yangu, ndipo nikasikia benchi la upande wa pili linacheka. Mwamuzi kanyoosha mkono pembeni. Noboli, yaani mpira haramu. Mguu wangu wa mbele ulikuwa umevuka mstari, kwa hiyo mpigaji akabaki, wakaongezewa mkimbio mmoja, na mpira uliofuata, ambao kwa kanuni za mechi ya ova 20 (ova ni mipira sita) hauwezi kumtoa kwa kuangusha vigingi, akaupeleka nje ya uwanja kwa mikimbio sita. Tulifungwa. Nilirudi Ngamiani, hapa Tanga, nakanyaga baiskeli taratibu kama niliyepakia gunia la nazi.

Ilikuwa noboli yangu ya tatu siku hiyo.

Naandika haya kwa ajili ya warushaji wenzangu, hasa nyinyi mnaojirekodi kila jioni, mnatumiana klipu kwenye kundi, mnapongezana, na kesho mpira ni ule ule. Nami nilikuwa hivyo. Simu ilijaa klipu hadi ikawa inagoma kupokea picha za harusi. Usiku nazitazama, najilinganisha na Jasprit Bumrah wa India, ambaye hukimbia hatua chache za kusitasita, mikono imenyooka mbele, kisha mpira unachomoka. Nikaona hatua chache ndiyo dawa ya noboli, nikamuiga. Baada ya wiki tatu bega liliuma hadi kuvaa shati ikawa kazi. Mtindo ule umekaa kwenye mwili wake yeye, na mimi nilichoiga ni umbo tu.

Tuna kocha, mzee mstaafu anayetufundisha kwa mapenzi yake, malipo chai na sambusa. Nilimwendea na klipu niliyoiamini kuliko zote. "Shikamoo kocha. Tazama mguu huu, niurudishe kiasi gani?" Akaitika, akatazama mara moja, akanirudishia simu. "Mgosi, mwanzo wake uko wapi?" Klipu ilianzia hatua tatu kabla ya mstari. Zote zilikuwa hivyo, kwa sababu nilirekodi pale ninapopendeza: kuruka, kutua, kuachia mpira.

Jumamosi iliyofuata akaniambia nije na baiskeli. Stendi ya simu hatuna, lakini Tanga baiskeli haikosekani. Tukaisimamisha kwa stendi yake, simu tukaifunga kwenye usukani kwa ukanda wa tyubu iliyokatwa, ikakaa kwenye usawa wa kiuno. Badala ya kuiweka kwenye mstari akaisogeza kule nyuma ninakoanzia kukimbia. Nilidhani mzee kachoka. Akaniambia nirushe mipira 12, na kila nikitua hatua ya tano yeye anaweka kifuniko cha soda palipotua kiatu. Tulipomaliza vile vifuniko vilikuwa vimetawanyika, cha mbele na cha nyuma vikipishana karibu urefu wa viatu viwili. Hatua ya tano tu, na mstari bado uko mbali! Kwenye video sababu ikaonekana waziwazi: mara naanza na mguu wa kushoto, mara natembea kidogo kabla ya kukimbia, mara natazama mpira mkononi na hatua ya kwanza inakuwa fupi. Huku mwisho najinyoosha ili nifike, au najibana, na siku nyingine mguu unavuka.

Ndiyo maana nasema klipu peke yake hainitoshi. Ilinionyesha kwa uaminifu kabisa mguu uliovuka mstari, nami nikahangaika na mguu miezi mizima. Kilichokuwa kibaya kilikuwa mita kumi na kitu nyuma, nje ya picha, na nisingejua kuipeleka kamera huko.

Dawa yake haikuwa ya ajabu. Nilisimama kwenye mstari nikitazama upande ninaotokea, nikakimbia kwa mwendo wangu wa kawaida hadi mahali ambapo mwili wenyewe uliona ni wakati wa kuruka, mwenzangu akaweka alama nilipotua. Mara nane. Tukachukua pale alama nyingi ziliposongamana, tukapima kwa futi kamba ya fundi. Nasisitiza futi kamba. Wengi wetu tunahesabu hatua, na hatua za mtu aliyelala vizuri si hatua za mtu aliyetoka kazini na njaa. Mimi ni mita 16 na nusu. Mguu wa kuanzia ni wa kushoto, siku zote, hakuna kutembea.

Halafu kuna upepo. Uwanja wetu uko wazi, na msimu wa kusi ukirusha kutoka upande mmoja unasukumwa mgongoni, ukibadili upande unapigwa usoni. Nilikuwa na alama moja kwa pande zote mbili! Siku hizi kwenye upande wa kusukumwa narudi nyuma kiasi cha kiatu kimoja. Kiasi hicho kila mtu ajipimie mwenyewe, na kaskazi ikiingia upime tena.

Sasa kamera. Ukitaka kujua kama mguu umevuka, simu lazima iwe pembeni, sawasawa na ule mstari, imeutazama moja kwa moja, bila mshazari. Ikisogea mita moja mbele au nyuma itakudanganya. Niliwahi kubishana na mwamuzi kwa klipu iliyopigwa na mtu aliyekaa chini ya mwarobaini, kwa mshazari, na leo naona aibu. Kanuni inataka sehemu fulani ya mguu wa mbele, hata kisigino kikiwa hewani, iwe nyuma ya mstari pale unapotua. Kwa mshazari huwezi kuamua hilo. Ukitaka kuona kichwa na mkono usiorusha, kamera iende nyuma yako, kwenye mstari mmoja na vigingi. Mimi huko ndiko tulikogundua kuwa kichwa kinaangukia kushoto, na mpira unaacha njia yake. Hilo lilirekebika kwa wiki mbili tu.

Simu ya kawaida huchukua fremu, yaani picha, 30 kwa sekunde. Mpira wa kilomita 105 kwa saa husafiri kama mita moja kati ya fremu na fremu, na kutoka mguu wa mbele kutua hadi mpira kuachiwa ni takriban sehemu moja ya kumi ya sekunde. Yaani unapata picha tatu za tukio zima, na kile unachokitafuta kimejificha katikati yake. Weka mwendo wa taratibu, fremu 240 kama simu yako inayo, au 120. Lakini hiyo inataka mwanga mwingi. Jua likishazama nyuma ya minazi utapata ukungu mtupu. Asubuhi ni nzuri, mradi simu isitazame jua, vinginevyo unarekodi kivuli chako. Na ukimtumia kocha aliye mbali, usiitume WhatsApp kama video. Itume kama faili, kwa sababu ikibanwa utamu wote unapotea. Bando litaumia kidogo.

Mipira sita inatosha. Mrekodi sita, mkae, mtazame jambo moja mlilokubaliana, basi. Kocha wangu anakataa hata kulitaja la pili. Siku moja nilimwambia mkono wa kushoto unaanguka mapema, akaniambia naye ameuona, tangu mwezi wa pili, lakini zamu yake bado. Nilikasirika kidogo, nakiri.

Jambo moja tu aliliruhusu kuruka foleni, na ni mgongo. Nilikuwa nasikia maumivu chini ya kiuno, upande wa kushoto, baada ya kila mechi. Tulipopiga kwa nyuma ikaonekana nikitua nyonga zimeelekea mbele, kwa mpigaji, huku mabega yakigeukia pembeni, kiuno kinakamuliwa katikati kama nguo. Mchanganyiko huo ndio unaojulikana kuvunja warushaji wa kasi, wanapata nyufa kwenye mifupa ya uti wa mgongo. Alinisimamisha kurusha, akanituma hospitali kwanza, tukaja kulinyoosha baadaye taratibu. Maumivu ya aina hiyo yasisubiri video.

Lipo pia ambalo simu haifai kabisa: kiwiko. Vijana wanapenda kusimamisha klipu na kupiga kelele kuwa fulani anatupa, yaani ananyoosha kiwiko kilichokunjwa badala ya kurusha. Baraza la kimataifa la kriketi, ICC, linaruhusu kiwiko kinyooke hadi digrii 15, na mshukiwa hupimwa kwenye maabara yenye kamera nyingi pande zote. Simu moja inaona upande mmoja, mkono uliozunguka tu unaweza kuonekana umekunjwa. Acheni kuwachafulia watu majina.

Mazoezini nako kuwe na mtu anayesimama kama mwamuzi. Mimi nilijizoesha noboli kwa miaka kwa sababu kwenye nyavu hakuna aliyezihesabu.

Mechi ya mwisho nilirusha ova zangu nne, noboli moja tu, ya mpira wa pili kabisa. Jioni kocha akataka kuiona, aone hatua ya kwanza. Tukatafuta kwenye simu tangu mwanzo hadi mwisho, haipo. Mwenzangu niliyemwachia baiskeli alikuwa ameifungua simu, akaniwekea mfukoni mwa begi, akaenda kununua barafu.